Robo Tatu ya Digrii

Mwezi wa Septemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke ulishuka kutoka milima ya Rubeho ukaukabili Ugogo. Mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu ya kuvukwa bila kupumzika, kisha Ziwa, Kanyenye, Khokho na Mdaburu, na baada ya hapo pori la Mgunda Mkali linalopakana na Unyamwezi. Kila mtemi alikuwa na hongo yake, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa vitambaa vya merekani na kaniki, na kwa shanga. Kanyenye, kwa mtemi Magomba, hakuna msafara uliopita bila kukaa kitako na kujadiliana.

Kambini, mizigo ikishatuliwa na kuni kupatikana, kulikuwa na kazi moja ambayo historia za safari hizi huipita mbio. Maji yalichemshwa. Kipimajoto kikawekwa, namba ikasomwa, ikaandikwa daftarini. Kutokana na namba hiyo wasafiri walijua wamepanda futi ngapi juu ya bahari waliyoiacha Kaole mwishoni mwa Juni. Hawakuwa na njia nyingine ya kutegemewa. Ramani zote za kwanza zilizoonyesha mwinuko wa uwanda wa kati wa Tanzania, na mwinuko wa maziwa yaliyo ng'ambo yake, zilitoka ndani ya chombo cha maji ya moto.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Maji yanapopashwa moto, mvuke wake huwa na nguvu ya kusukuma inayoongezeka kadiri joto linavyopanda. Hewa iliyo juu ya maji nayo inayagandamiza. Maji hutokota pale nguvu ya mvuke inapolingana na kanieneo la hewa. Ufukweni Dar es Salaam hilo hutokea kwenye digrii 100 za Selsiasi. Ukipanda juu, hewa iliyobaki juu ya kichwa chako ni pungufu, kanieneo linashuka, na maji hutokota mapema zaidi. Katika mwinuko wa nchi yetu ya kati, digrii moja inayopungua ni sawa na kupanda mita zipatazo 300. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya Dodoma hutokota kwenye digrii 96 na kidogo. Ndiyo maana maharage huko hukawia kuiva kuliko pwani, hata moto ukiwa mkali kiasi gani: maji hayawezi kupata joto zaidi ya hapo mradi chombo kiko wazi.

Jambo hili lilikuwa limejulikana Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1724 Daniel Gabriel Fahrenheit aliandika kwamba joto la kutokota hubadilika pamoja na kanieneo la hewa. Mwaka 1817 William Hyde Wollaston alitengeneza kipimajoto cha kupimia vimo kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Henri Victor Regnault alitumia muda mwingi na vyombo vya gharama kubwa kutengeneza jedwali la nguvu ya mvuke wa maji kwa kila digrii, na jedwali lake ndilo lililogeuza namba ya kipimajoto kuwa kanieneo. Joseph Hooker alichemsha maji Himalaya. Na mwaka uleule wa 1857, Burton na Speke wakiwa njiani, Mskoti James David Forbes alichapisha vipimo 17 alivyovikusanya kwenye milima ya Alps na Uskoti, kila kimoja kikiwa na joto la kutokota upande mmoja na kanieneo upande wa pili. Vipimo vyake vingali vinatumika hadi leo kuwafundishia wanafunzi wa takwimu jinsi ya kuchora mstari kati ya nukta.

Lakini Forbes alikuwa na barometa ya zebaki mkononi, akachemsha maji, kisha akalinganisha. Burton na Speke hawakuwa na bahati hiyo. Barometa ya zebaki ni bomba la kioo lenye urefu unaokaribia mita moja, limejaa metali nzito iliyo majimaji. Litie begani mwa mpagazi, au mgongoni mwa punda anayeogopa mto, ulipitishe kwenye miiba ya Marenga Mkali, uone litafika wapi. Seti ya kuchemshia maji ilikuwa ndogo: kibirika cha metali, taa ya spiriti ya kukipasha, na vipimajoto vyembamba vilivyofungwa vizuri ndani ya kasha. Kwa mwanajeshi wa India kama Speke, aliyekuwa ndiye mpimaji wa msafara, hicho kilikuwa chombo cha mtu anayetembea kwa miguu.

Hapa niseme jambo kuhusu ile spiriti, maana wengi huuliza kwa nini wasichemshe kileo chenyewe badala ya maji, kwa kuwa hutokota upesi na huhitaji moto kidogo. Alkoholi safi ya ethanoli hutokota kwenye digrii 78.3 ufukweni, na hushuka kadiri unavyopanda, kama maji. Tatizo ni usafi. Tone la maji likiingia katika alkoholi, joto lake la kutokota linabadilika, na spiriti iliyofunguliwa mara kwa mara njiani hunyonya unyevu wa hewa. Maji angalau yalipatikana kila kambi.

Ila maji ya Ugogo nayo yana mambo yake. Maeneo mengi ya bonde la Bahi na jirani zake yana magadi na chumvi. Wagogo wamekuwa wakichimba chumvi na kuiuza kwa majirani tangu enzi. Maji yenye chumvi hutokota kwa joto la juu zaidi kuliko maji baridi ya mvua. Gramu 5 tu za chumvi ya kawaida ndani ya lita moja hupandisha kipimo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya digrii, na hilo pekee linakushusha mita kama 25 kwenye ramani. Mpimaji mwangalifu hakutumbukiza ncha ya kipimajoto ndani ya maji. Alikiinua kikae kwenye mvuke, kwa sababu chumvi hubaki chini na mvuke huwa safi. Pia alilazimika kukikinga chombo na upepo. Upepo wa mashariki unaovuma Ugogo wakati wa kiangazi unajulikana kwa kila aliyewahi kukaa Dodoma: ni mkavu, una vumbi, na unaweza kuzima taa ya spiriti kwa pumzi moja.

Watu waliowezesha upimaji huo hawakuandikwa kwenye majedwali. Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa utumwani India, akarudi akiwa huru, na Speke akamtegemea kuliko mtu mwingine yeyote wa msafara. Alikuwapo Said bin Salim, aliyepewa uongozi wa msafara na Sultani wa Zanzibar, na askari Wabaluchi, na wapagazi wa Kinyamwezi ambao walijua kila kisima cha njia ile kabla ya Mzungu yeyote kukiona. Burton mwenyewe, kwa dharau zote zilizojaa kitabu chake, aliandika habari za Ugogo kwa undani ambao mtafiti wa leo hawezi kuupuuza. Kuna kurasa zake zinazonikasirisha, na ninazirudia hata hivyo, kwa sababu huko ndiko ziliko habari za watu hawa.

Tarehe 7 Novemba 1857 waliingia Kazeh, karibu na Tabora ya leo, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Kufikia hapo na kuendelea mbele, vyombo vyao vilikuwa vinakwisha kimoja baada ya kingine. Saa zao za kupimia longitudo ziliharibika. Vipimajoto vizuri vya kuchemshia vilivunjika. Walipofika Tanganyika mwezi wa Februari 1858, Burton hawezi kutembea kwa homa na Speke macho yamemwuma kiasi cha kutoliona ziwa sawasawa, kilichobaki ni kipimajoto cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga.

Kwa chombo hicho Speke alipima mwinuko wa Ziwa Tanganyika. Alipata futi zipatazo 1,800, yaani kama mita 550.

Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya bahari. Pengo ni zaidi ya mita 200, na ukiligeuza kuwa joto, ni robo tatu ya digrii ya Selsiasi. Kwenye kipimajoto cha kuogea, ambacho alama zake ziliwekwa ili mtu asijiunguze, robo tatu ya digrii ni unene wa mstari mmoja na kivuli chake. Speke alikosea kwa kiasi ambacho jicho lenye afya lingeweza kukikosea mchana kweupe.

Mwezi wa Julai aliondoka Kazeh akamwacha Burton mgonjwa, akaenda kaskazini pamoja na Bombay, na tarehe 3 Agosti 1858 alisimama mbele ya ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Alichemsha maji tena. Alipata karibu futi 3,740. Kimo cha leo ni mita 1,134, sawa na futi 3,720. Safari hii alilenga katikati. Tofauti kati ya maziwa hayo mawili ilimpa jibu alilolitaka kuhusu chanzo cha Naili: Nyanza liko juu sana, Tanganyika liko chini sana, kwa hiyo Mto Naili unatoka Nyanza, na Tanganyika haliwezi kuutia maji kwa kuwa liko chini mno. Alimrudia Burton na hoja hiyo, na urafiki wao ukaishia hapo.

Miaka iliyofuata, ugomvi wa Naili uligeuka kuwa ugomvi wa namba. Speke alirudi Afrika na James Augustus Grant mwaka 1860, akapita tena Ugogo, akauona mto ukitoka Nyanza mwaka 1862. Lakini vipimo vyake vya kusini na vya kaskazini ya ziwa lilelile vilitofautiana kwa futi mia kadhaa, na wapinzani wake walisema mtu anayepata vimo viwili kwa maji yaliyotulia labda ameona maziwa mawili. Kisha Samuel Baker akafika Ziwa Albert tarehe 14 Machi 1864, naye akachemsha maji, akapata futi 2,720. Alipofariki Speke kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath, hoja haikufa naye. Burton, na baadaye mwanajiografia Alexander George Findlay, walikigeukia kile kipimajoto cha kuogea. Walisema kinaweza kuwa kimekosea kwa futi elfu moja. Ongeza elfu moja kwenye 1,800 ya Speke, na Tanganyika linakuwa juu kidogo ya Albert la Baker. Maji yanaweza basi kutoka Tanganyika kwenda Albert, na kutoka Albert kwenda Misri.

Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ukweli. Kipimajoto kilikosea kweli, na upande walioutaja Burton na Findlay ndio uliokuwa sahihi: Tanganyika liko juu kuliko Speke alivyodhani. Baker naye alikosea, akaliinua Ziwa Albert kwa mita zaidi ya 200, kwa maana kimo chake halisi ni karibu mita 620. Kwa hiyo Tanganyika kweli liko juu kuliko Albert, kwa mita 150 hivi. Kwa hesabu ya mwinuko peke yake, Burton ameshinda. Na hata hivyo Speke ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu Naili, huku namba yake ikiwa mbovu. Sipendi jinsi vitabu vingi vinavyomhukumu Speke kama mtu wa kubahatisha. Alikuwa na chombo kibovu, alisema wazi ni chombo gani, na aliandika alichokisoma. Mwenye kosa kubwa zaidi ni yule aliyechukua namba hiyo London na kuijengea mito.

Jibu lilipatikana bila kipimajoto. Mwezi wa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakautazama Mto Rusizi. Ulikuwa unaingia ziwani. Unatoka Ziwa Kivu, lililo juu ya mita 1,400, na milima ya Virunga imeziba njia ya kwenda kaskazini. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliukuta mkondo wa Lukuga upande wa magharibi, ambako maji ya Tanganyika hutoka kwenda Kongo. Jiografia ikakaa mahali pake, na vipimajoto vikarudi kuwa vyombo vya kawaida vya wasafiri.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, upimaji wa mwinuko ulifanywa kwa darubini za wapima ardhi, hatua kwa hatua kutoka pwani. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli ikaja mashine iliyotumia kanuni ileile kwa upande wake wa pili. Ndani ya bwela la garimoshi mvuke umefungiwa, kanieneo limepandishwa mara kumi na zaidi ya lile la hewa, na maji hayatokoti mpaka yafikie digrii 180 au zaidi. Kwenye uwanda uleule ambako maji ya wazi hutokota kwenye digrii 96, moto wa kuni ulikuwa unayasukuma maji ya bwela mpaka karibu maradufu ya hapo. Kanieneo likishuka kimiminika hutokota mapema, likipanda hukawia. Mstari ni mmoja.

Swali lililobaki kwa wanafizikia lilikuwa: mstari huo unakwenda mpaka wapi? Ukikigandamiza kimiminika kwa nguvu isiyo na kifani, nini hutokea? John Canton wa London alikuwa ameonyesha mwaka 1762 kwamba maji hugandamizika, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani, na miaka miwili baadaye akaonyesha kwamba kileo hugandamizika zaidi ya maji. Lakini kupima kwa kiasi kikubwa kulishindikana kwa sababu moja ya kifundi: kila kizibo kilivuja.

Aliyelitatua ni Percy Williams Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1905. Alibuni kizibo ambacho kadiri kanieneo la ndani linavyoongezeka ndivyo kinavyojikaza zaidi, kwa kuwa umbo lake hufanya mpira ulio ndani ugandamizwe kuliko kimiminika chenyewe. Kizibo hakikuvuja tena. Kikomo kikawa nguvu ya chuma. Kanieneo alilipima kwa waya wa manganini, ambao ukinzani wake wa umeme huongezeka kidogo kidogo unapogandamizwa. Mwaka 1913, reli ikiwa imeshapita Tabora ikielekea Kigoma, alichapisha vipimo vya vimiminika 12 kati ya digrii 20 na 80, mpaka kilo 12,000 kwa kila sentimita ya mraba. Vitano kati ya hivyo vilikuwa alkoholi: methanoli, ethanoli, alkoholi ya propili, ya isobutili na ya amili.

Alichokikuta kinafaa kusomwa taratibu. Katika kanieneo la kwanza kwanza, alkoholi husinyaa upesi, kwa sababu kati ya molekuli zake kuna nafasi ambazo hujazwa kwa urahisi. Kisha nafasi hizo huisha, na kila nyongeza ya nguvu huleta upungufu mdogo zaidi. Mwishoni ujazo umepungua kwa sehemu kati ya asilimia 20 na 30. Vimiminika ambavyo katika hali ya kawaida vinatofautiana sana, kimoja chepesi na kingine kizito, chini ya kanieneo hilo huanza kufanana tabia. Hata kutanuka kwa joto hupungua sana. Bridgman alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946, na majedwali yake ya alkoholi yalitumiwa kwa miaka mingi na wahandisi wa mafuta na wa kemikali.

Dodoma nayo ina alkoholi yake. Mashamba ya zabibu ya Bihawana, Hombolo na Makutupora yanalisha viwanda vya mvinyo, na ikiwa mtu atatonesha kileo Dodoma katika chombo kilicho wazi, ethanoli safi itaanza kupanda kwenye digrii 75 hivi, si 78 zilizoandikwa vitabuni. Kwa anayetegemea kipimajoto kuamua lini abadilishe chupa, digrii tatu hizo si jambo dogo.

Ingefaa sana shule za Dodoma zirudie kipimo cha Speke, kwa kuwa nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba sufuria ya mwanafunzi inaweza kuzaa fizikia: Erasto Mpemba alianza na maziwa ya aiskrimu akiwa Magamba mwaka 1963, na mwaka 1969 makala yake na Denis Osborne ilisomwa duniani. Kinachotakiwa ni kipimajoto kimoja kilichogawanywa vizuri, na uangalifu ambao Speke hakupewa nafasi nao. Kwanza kijaribiwe kwenye barafu inayoyeyuka, kisomeke sifuri. Kisiposomeka sifuri, kosa liandikwe. Kisha kiwekwe kwenye mvuke, si ndani ya maji, chombo kikiwa kimekingwa na upepo. Namba isomwe mara kadhaa, na watu tofauti, kila mmoja bila kumwona mwenzake alichoandika. Halafu kipimajoto hichohicho kipelekwe Dar es Salaam kwa treni na kuchemshiwa ufukweni kwa namna ileile. Tofauti itakayopatikana, ikiwa kazi imefanywa vizuri, itakaribia digrii nne, na kutokana nayo wanafunzi watapata kimo cha mji wao kwa kosa la makumi machache ya mita.